Siku Nilipomfunika Mkwe Wangu kwa Kikwembe

Vijana waliompiga mkwe wangu nawajua wote kwa majina, hata ya ubatizo. Siyaandiki, kwa sababu mama zao bado tunakaa benchi moja kanisani.

Mkwe huyu, mume wa binti yangu wa kwanza, alikuwa fundi cherehani na mwenyekiti wetu sisi Wakongomani wa mtaa wa Bertrams, huku Afrika Kusini. Alijiandaa kurudi nyumbani kugombea ubunge. Sheria ya kwetu haitaki mtu wa nchi mbili: ukichukua uraia wa wengine, wetu umeuacha. Watu wakaanza kunong'ona kwamba yeye ameshachukua wa huku. Akasimama kanisani akasema, "Mimi nina nchi moja, ile tuliyozaliwa." Tukampigia makofi.

Siku chache baadaye kundi likashuka mtaani na marungu, linafukuza wageni. Nilikuwa nimempelekea mkwe chakula dukani kwake, nimesimama nyuma ya pazia, maana mama mkwe hajianiki mbele ya mkwe. Mlangoni walimkuta kinyozi, kijana wa kwetu, wakampasua kichwa kwa chupa. Mmoja akafungua pazia akaniinulia rungu. Hapo mkwe akatoa kitambulisho cha Afrika Kusini, akawasemesha Kizulu cha haraka: yeye ni raia, na huyu bibi ni mama yake. Wakakisoma, wakamrudishia, wakaenda.

Kinyozi alikuwa chini, anatazama kwa jicho moja, lingine limejaa damu.

"Na mimi, mwenyekiti? Mimi hukunisemea?"

Mkwe alikuwa anamfunga kichwa kwa kitambaa cha suti ya mteja.

Jumapili, ibada ilipoisha, kaka zake kinyozi wakafunga mlango wa ukumbi.

"Baba mbunge, habari ya Pretoria? Tuimbie wimbo wa taifa. Chagua weye mwenyewe, wa kwetu ao wa kwao."

Watu wakacheka. Akasema, "Nilikichukua ili watoto wasome. Lakini moyo wangu..." Kiti cha chuma kikamkatiza. Walimvunja taya. Walimkanyaga mbavu, wakamrarua shati na suruali mpaka akabaki uchi mbele yangu.

Kwetu mama mkwe na mkwe hawapeani mkono wala hawali sahani moja. Kumwona uchi ni laana. Nikageuza uso kama wanawake wote, ila masikio hayageuki: nikasikia ubavu ukivunjika. Nikafungua kikwembe changu, kitenge nilichojifunga, nikamtupia, nikaanguka juu yake nimebaki na shimizi.

"Mama, toka hapo. Mkwe haguswi."

"Nipigeni basi, nyie mlioniona na shimizi."

Kiti kimoja kilinipata begani. Mkono huo hauinuki hadi leo. Aliyenipiga akakiweka chini taratibu. Wakatoka mmoja mmoja, wanatazama ukuta.

Ubunge uliishia pale. Nyumbani walisema hadharani kwamba yule si wetu tena, na chama kikamweka mwingine.

Kisha wazee wa ukoo wake wakapiga simu. Habari ya kikwembe imewafikia: amegusana na mama mkwe, atoe mbuzi mweupe wa kuondoa laana, kama mtoto yeyote wa kwao. Binti yangu akawaka. "Mtu anakunywa uji kwa mrija, wao wanadai mbuzi?"

Mkwe akanyoosha mkono apewe simu. Taya lilikuwa limefungwa waya, maneno yakapita kwenye meno.

"Mbuzi atakuja, wazee wangu. Asanteni."

Sijapata kumwona mtu akishukuru faini namna ile. Nikarudi jikoni ili alie.