Watu Kumi kwa Baba wa Kipa

Siku ile sebuleni kwa kipa wetu, mtaa wa Kamalondo, tulikuwepo mimi na wadogo zangu wawili, mwenyekiti wa timu ya mpira, kocha wa basketi, na yeye mwenye nyumba, amekaa sakafuni bila viatu. Baba yake alikuwa amefariki kwao Israeli.

Kipa mwenyewe alikuja mjini kwetu kutengeneza mashine za mgodi, akabaki. Mtaani tulimwita Muyuda, yaani Myahudi. Alidaka kwenye timu ya mtaa, na kwa kuwa Wayahudi wamo kwenye Biblia, mwenyekiti aliamini golini kwetu amesimama ndugu yake Yesu. Tukifungwa, alisema ni majaribu. Kocha wa basketi alimpenda kwa sababu ndogo zaidi: urefu.

Wote wawili walikuja kutoa pole, kila mmoja na jezi ya timu yake mfukoni, ya kumvutia.

Nilimwuliza anahitaji nini. Akasema anataka kumsomea baba yake sala ya wafu, lakini kwao haisomwi mpaka wakusanyike wanaume kumi, na Wayahudi wenzake waliobaki mjini hawafiki idadi hiyo.

"Kumi?" mwenyekiti akaruka. "Papa, shida iko wapi? Tuko kumi na moja! Na ba akiba kwenye banc sijabahesabu."

"Bako kumi na moja ya kufungwa," kocha akamjibu. "Bangu bako batano, lakini barefu. Sala itafika juu mbiyo."

Muyuda akacheka, mara ya kwanza tangu apate habari. "Ba papa, inafaa bakuwe Bayuda."

"Ni ile tu?" mwenyekiti akasema. "Padri atababatiza Bayuda siku ya Mungu asubuyi, mbele ya match."

"Papa," mdogo wangu wa kike akasema, "bule, hapana, mutu habatizwake Muyuda."

Mwenyekiti na kocha waliondoka wamenuna, jezi zikabaki kitini.

Sisi tulivua viatu, tukakaa naye chini. Mama yetu alipofariki, na baba yetu akamfuata, wajomba walikula wali wa kilio wakaenda zao, na mimi nikaacha shule. Muyuda peke yake alikaa nasi juu ya mkeka juma zima. Alisema hata kwao ndivyo wanavyokaa.

Kwa hiyo Wayahudi wa kutimiza kumi nawatafuta mimi. Nimeuliza Kampemba, nimeuliza hata Luano, kwa wanaoshuka ndege. Kila mtu anadhani naunda timu; mmoja alinieleza anacheza namba tisa. Jezi zimeshapata wenyewe wengine. Baba yake bado hajasomewa, na deni hilo ni langu.