Miguu ya Kalolaine

Kalolaine alifundisha kwaya ya kanisa letu hapa Neiafu, mji wetu wa kisiwani, kwa miaka thelathini, na meno yake yote ya juu yalikuwa ya bandia. Yalitengenezwa zamani, ufizi ukapungua, yakalegea. Jumapili moja yalichomoka katikati ya wimbo, akayadaka kwa kiganja. Tangu hapo akawa anayashikiza kwa gundi ya meno aliyotumiwa na bintiye, Siu, kutoka Auckland. Alipaka asubuhi, mchana na jioni, hata tyubu moja haikufika siku tatu.

Mwaka wa pili miguu ikaanza kufa ganzi. Kandambili zilimvuka njiani asijue. Siku moja akaanguka kwenye ngazi za kanisa, mbele ya waimbaji wa besi wote.

"Hiyo ni sukari tu, shoga," jirani yake Tokilupe akamwambia. "Acha magimbi na nyama ya kopo."

Akaacha. Miezi minne alikula samaki wa kuchemsha kwa hasira, na ganzi ikazidi kupanda. Hospitalini sukari yake ikakutwa sawa. Nesi Losaline, aliyewahi kuimba kwenye kwaya yake, hakuridhika.

"Mama, unatumia dawa gani?"

"Situmii dawa mimi. Labda hii gundi ya meno, nayo si dawa."

"Hebu niione."

Losaline akaigeuza tyubu huku na huku. Hakuna palipoandikwa kilichomo ndani. Damu ikapelekwa ng'ambo kupimwa, majibu yakarudi: zinki tele, shaba karibu hakuna. Daktari akaeleza kwamba baadhi ya gundi za meno zina zinki. Mtu akiimeza nyingi kila siku, mwili hupungukiwa shaba na mishipa ya fahamu huharibika.

"Kumbe nilikuwa najidhuru mwenyewe?"

"Ungejuaje, Mama?"

"Siu asiambiwe. Atalia."

Siu aliambiwa, akalia kweli, kisha akaja kumchukua mama yake wakatengeneze meno mapya yanayokaa bila gundi. Kalolaine akapewa vidonge vya shaba. Ganzi ilikoma kupanda, magoti yakapata nguvu, ila nyayo hazikurudi kama zamani, na daktari alikwisha kumwonya. Siku hizi anaongoza kwaya akiwa kitini. Mara ya kwanza waimbaji walimkodolea macho kwa huruma, wakasahau kuanza.

"Mnanitazama nini?" akafoka. "Niliyekaa ni mimi. Nyinyi imbeni!"