Ubao Wangu Umebanduka Mvuani

Leo nimeuweza ule mruko ulionitesa mwaka mzima, na sina hata nguvu ya kufurahi.

Mvua ilinikuta mtaani Gisozi na ubao wangu wa magurudumu. Wamotari wameegesha pikipiki, wamejibanza barazani, wananitazama tu.

Nikaruka. Ubao ukajigeuza hewani, nikatua juu yake kwa miguu yote miwili.



Halafu ubao ukabanduka, tabaka tabaka kama chapati.

Nikampigia seremala aliyenitengenezea.

"Umeutoa kwenye mvua? Dada, mimi niko natengeneza vitanda. Kitanda gani kinanyeshewa?"

Nikainama kuokota vipande. Ndipo barazani wakapiga makofi! Motari mmoja akapaza sauti: "Dada, rudia hiyo ya kupasua!"

Nyie mngemjibu nini? Mimi nimejiendea zangu tu, kwa miguu.