Fyekeo, Mtindo wa Kwanza

Naikumbuka vema Jumamosi ile, mwanangu, Bwana Shebe aliponitaka niweke upanga chini, nikae pembeni nilie. Ngoja kwanza nikueleze ni upanga gani, maana sisi wa Mlali, chini ya milima ya Uluguru, tulizoea panga la kukatia migomba tu.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa. Mitumba ilijaa sokoni, na mabanda ya video yakaota Morogoro kama uyoga baada ya masika. Sisi vijana wa mtaani, tulipochoka kutazama vita vya nyota vya watu wengine, tukatunga vyetu. Tukaunda kikundi cha maigizo na ulimwengu wetu wenyewe: sayari zenye ukungu kama wa Uluguru, vyombo vya kuruka kati ya nyota, na mashujaa wenye panga za mwanga. Panga zenyewe zilikuwa mianzi tuliyoipaka chokaa ing'ae jukwaani. Usicheke. Tuliziamini.

Mjomba wangu Kobelo, aliyewahi kufundisha kwata jeshini, ndiye aliyetutungia mitindo ya kupigana. Ule wa kwanza, ambao kila mwanafunzi wa sayari zetu lazima aanze nao, ulikuwa rahisi. Unatanua miguu, unanyoosha mgongo, kisha unaupitisha upanga mbele yako kwa upana, kulia kwenda kushoto na kurudi, ili hata wakija wengi asikukaribie hata mmoja. Na huwindi mtu. Unawinda upanga wake. Unaupiga karibu na kiganja mpaka uanguke.

Wavulana waliucheka. Wakauita Fyekeo, kwa kuwa ulimfananisha mtu na mwanafunzi aliyeadhibiwa kufyeka majani ya shule. Wakakimbilia mitindo ya juu, ya kuruka na kuzunguka. Mimi nikabaki na Fyekeo masika yote, kwa ubishi na kwa mapenzi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi sikuona aibu kuinama.

Basi Bwana Shebe, mwenye banda kubwa la video, akaahidi kutupa jukwaa lake kila Jumamosi kabla ya filamu. Hakuna ukumbi mwingine uliotutaka, kwa hiyo siku alipokuja kutazama mazoezi kila mtu alikuwa amevaa shati safi. Alitazama mpaka mwisho, akaridhika, isipokuwa jambo moja: mimi kuwa nahodha wa chombo chetu.

"Huyu binti ndiye nahodha? Hapana. Akae pembeni alie, shujaa afie mikononi mwake."

"Shikamoo, bosi," nikasema.

"Marahaba."

"Mimi silii."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna. Ndiyo maana nasema."

Wenzangu wakaangua kicheko, naye akacheka. Alipenda mashindano yule bwana. Akaamuru wavulana wanne wanivamie. Nikiangusha upanga, nitakaa pembeni nilie. Nisipouangusha, nabaki nahodha.

Kasimu, bingwa wetu wa kuruka, akanisogelea. "Dada Tekla, leo hapa hakuna majani."

"Njoo, nitakutafutia."

Wakaja wote kwa pamoja, na hapo ndipo walipokosea, kwani Fyekeo ulitungwa kwa ajili ya wengi. Walipishana vibaya, wakagongana. Mwanzi mmoja ukaanguka, kisha wa pili, na wa tatu ukaruka mpaka ukutani. Kasimu akaruka, akazunguka, akanipa mgongo kama mtu anayetafuta kiti. Uso wake uliporudi, mwanzi wangu ulikuwa umeshafika kwenye kiganja chake. Upanga wake ukalala chini.

Bwana Shebe akasimama. "Safi. Sasa mmalize. Mpige kichwani aanguke, hivyo hivyo mtakavyofanya jukwaani."

"Hana upanga, bosi."

"Ndiyo raha yenyewe. Watu wanakuja kuona damu."

"Kwenye sayari zetu, asiye na upanga hapigwi."

"Banda ni langu, binti."

"Na sayari ni zetu."

Akasema tuchague: Kasimu apigwe au tusahau banda. Nikamtazama mjomba, akakunja mikono, akaniachia uamuzi. Nikaushusha mwanzi wangu.

Kasimu akamgeukia Bwana Shebe. "Bosi, mimi nimeshaaibika mbele ya rafiki zangu. Kama unataka nife pia, tafuta mwingine." Akaokota mwanzi wake, akaja kusimama ubavuni kwangu. Wengine wakamfuata.

Tukalikosa banda. Tulicheza Mlali, kwenye uwanja wa misheni, mbele ya wakulima walioshuka kutoka bustanini na matenga ya kabichi. Nilipouangusha upanga wa adui wa mwisho, mzee mmoja akauliza kwa sauti mbona simpigi. Bibi aliyekaa mbele yake akageuka. "Huoni hana kitu mkononi? Tulia tutazame."

Mwanangu, siku hizi kila mlango uko wazi, na kila mwenye banda atakuambia watu wanataka nini. Jifunze mtindo wa kwanza wa kazi yoyote utakayoshika, uujue mpaka mwili wenyewe uujue. Wakucheke tu, debe tupu haliachi kuvuma. Ukishaujua, usikubali kuwekwa pembeni. Mpinzani mnyang'anye silaha, utu wake mwachie. Na mwenye jukwaa akikutaka upite hapo, mrudishie jukwaa lake, uende zako kichwa juu.

Mungu akupe miguu isiyoteleza na mkono unaojua pa kukomea, na siku utakaposema hapana, akujalie wa kusimama nawe.