Kompyuta ya Kemunto imepoa, vifaranga wanalia

Leo nimeombolezea kompyuta, jamani!

Mjukuu wangu Kemunto, anayeniita magokoro, yaani bibi, hufanya kazi nayo mezani. Hewa moto inayotoka kando ndiyo hupasha vifaranga wangu sita, maana mama yao alibebwa na mwewe. Huyo mwewe, wacha tu.

Asubuhi naishika, baridi! Feni kimya!

"Kemunto, imekufa!"

"Haijakufa, magokoro. Nimeipunguzia mwendo na umeme, ndio betri ya sola ifike jioni."

Na vifaranga wanatetemeka!

Akataka kuirudisha kama zamani. Nikakataa. Betri ikiisha mapema, kazi yake je?

Nikawaweka ndani ya sweta yangu.

Saa hii kazi imeisha, betri bado iko, na hawa sita wamelala kifuani.

Sasa niambieni, Sabato nitaingia nao kanisani namna gani?