Mstari wa Mama Mkwe

Nilipogombea ujumbe wa halmashauri ya kijiji chetu cha ujamaa, hapakuwa na karatasi za kura. Wagombea wawili tulisimamishwa uwanjani, na kila mtu akapanga mstari nyuma ya amtakaye. Sisi tuliambiwa tusigeuke mpaka tuamriwe. Mwenzangu ndiye aliyesimamia kubomolewa kwa nyumba zetu za tembe tulipohamishwa, kwa hiyo nilijiona nimeshapita.

Nikasikia miguu, vikohozi, kisha kimya. Tulipogeuka, mstari wangu ulikuwa mfupi. Katika ule wa mwenzangu alisimama mama mkwe wangu, amejifunika uso kwa khanga, na wadogo zake wote wako nyuma yake.

Siku tembe yake ilipoangushwa, mama huyo alilia kuliko sisi sote.

Nyumbani nikamuuliza mke wangu nimemkosea nini mama yake. Akanishangaa.

"Tangu lini mama akatazamana na mkwewe? Na wadogo zake nao si wakwe zako? Ulipogeuka mngekutana uso kwa uso mbele ya kijiji kizima. Kukaa pembeni nako walikatazwa. Ulitaka wakuvunjie heshima?"

Jioni mama akaleta maziwa ya mgando, akayaacha nje ya mlango na kuondoka kabla sijatoka, kama desturi.

Ndiyo, nilitaka wanivunjie heshima, siku ile moja tu. Lakini mwanamume wa kwetu hatamki neno kama hilo, kwa hiyo nikanywa maziwa.