Stima ya Mchana

Simu iliisha chaji ikazima mwalimu akisoma swali la kwanza la mtihani, na binti yangu akaanza kulia. Hadi leo nikiona simu ikizima, namwona vile alivyoishikilia ile yake.

Korona ilikuwa imefunga shule, masomo yakawa ya simu. Lakini kwa ploti yetu ya nyumba za kupanga huko Kabiro, keateka, yule mtunzaji wa ploti, alizima stima kila asubuhi, akaifungia swichi kwa kufuli mpaka jioni. Siku hiyo ya mtihani nikamwendea.

"Mathe, stima ya mchana ni ya kazi gani?" akaniuliza.

"Mtoto ako na mtihani. Fungua!"

"Kwani anasomea udaktari kwa simu?" Akacheka.

Nikavunja kufuli kwa jiwe akiniona. Lakini mtihani ulikuwa umeisha, na binti yangu akarudia darasa.

Keateka husema alitumwa na mwenye ploti. Basi wewe mwenye ploti, njoo umwangalie binti yangu machoni, umjibu: mwaka wake uliupeleka wapi?